Dumu la Mzee Kaburu

Dumu liliingia mtaa wa Majimbo, mjini Embu, kwa heshima zote zinazostahili dumu. Mutwiri alilibeba kwapani, limefungwa gazeti na kutumbukizwa ndani ya mfuko wa nguo, kama mtu anayesafirisha kuku wa wizi. Alipofika mlangoni alitazama huku na huku kabla ya kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Weka hapo mezani," mkewe Makandi akasema bila kuinua macho kutoka kwa cherehani.

"Hili halikai mezani."

"Kwani lina nini?"

"Saa hii halina kitu. Shida ni kile litakuwa nacho kesho."

Kwenye kochi alikuwa ameketi babake Mutwiri, Mzee Kaburu, mkulima wa nduma, yaani magimbi, kutoka upande wa Nkubu, Meru. Alikuwa amempakata mjukuu wake. Mtoto huyo alipewa jina la nyanya yake, Gatakaa, na kwa hiyo mzee alimwita "mke wangu" na mtoto akamwita "mume wangu", na ndoa hiyo haikuwa imewahi kuona ugomvi. Mzee alilitazama dumu mara moja, kisha akaangalia dari kwa makini, kana kwamba dari ndiyo iliyokuwa imeletwa.

Mzee Kaburu alikuwa na figo moja. Ya kushoto ilikufa ikiwa imejaa mawe kabla mtu yeyote hajajua kwamba ni mgonjwa. Ya kulia ilikuwa imetolewa jiwe la ukubwa wa harage, na ndiyo maana mzee alikuwa Embu kwa mwanawe, akipata nafuu karibu na daktari. Lakini picha ya juzi ilionyesha chembe mpya. Figo ilikuwa imeanza kazi ileile upya, bila kutumwa. "Mtu wa figo mbili, jiwe likiziba moja, atalia sana," daktari alikuwa amemwambia. "Wa figo moja halii sana, mzee. Hana muda."

Kwa hiyo daktari alitaka kujua mkojo wake ulikuwa na nini kilichozidi na nini kilichopungua. Mzee aweke dumuni mkojo wote, kuanzia asubuhi ya kesho hadi asubuhi itakayofuata.

"Wote," Mutwiri alikazia. "Asimwage hata tone. Na dumu likae mahali baridi. Daktari amesema kwa friji."

Friji ilikuwa jikoni. Mzee Kaburu hakuwa ameingia jikoni mwa mwanamke tangu alipotahiriwa, na jikoni mwa mke wa mwanawe ndipo hangeingia hata nyumba ikishika moto. Makandi naye, kugusa kitu kama hicho cha baba mkwe wake? Walikuwa wameishi pamoja majuma kadhaa bila hata kusemeshana moja kwa moja. Akitaka kumkaribisha chai, Makandi alimtuma mtoto. Mzee akitaka kushukuru, alishukuru kupitia mtoto. Gatakaa mdogo alikuwa na kazi nyingi kuliko tarishi wa chifu.

Mutwiri, ambaye ni karani wa kaunti na amezoea kupata njia ya katikati isiyomfaa mtu yeyote, akaamua dumu likae bafuni ndani ya beseni la maji baridi.

"Daktari alisema mtu mzima mwenye afya hutoa kiasi gani?" mzee akaiuliza dari.

"Lita mbili hivi, Baba. Au zaidi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amesikia alama ya kupita mtihani.

 

Kesho yake Mutwiri alipoenda kazini, wakabaki watatu nyumbani: mzee, mtoto, na Makandi na sketi zake za shule alizokuwa akishonea wateja. Cherehani ilikaa sebuleni kando ya dirisha, ndipo penye mwanga. Mlango wa choo na bafu ulikuwa nyuma ya kiti chake, na ulikuwa mwepesi kama biskuti. Mtu akipiga chafya ndani, anaambiwa pole na walio nje.

Mzee Kaburu aliuelewa mlango huo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana alikuwa amejipimia maji kama mtu aliye jangwani. Asubuhi alikunywa nusu kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, mchana mabonge mawili matatu ya nduma makavu, jioni nusu kikombe kingine. Makandi alidhani mzee hapendi chai yake, na jambo hilo lilimuuma kimyakimya. Hakujua kwamba mzee alikuwa akimheshimu.

Asubuhi hiyo mzee aliingia chooni mara moja. Makandi, kwa heshima yake naye, alikanyaga cherehani kwa nguvu zote ili asisikie lolote. Kitambaa kilikwisha chini ya sindano, akaendelea kukanyaga. Alishona hewa mpaka mlango ulipofunguka.

Baada ya hapo mzee hakuingia tena. Kila alipobanwa alivaa kofia, akasema kwa sauti kwamba anaenda kuangalia migomba ya nyuma, akaenda, akakaa kidogo, akarudi akiwa ameridhika na hali ya migomba. Dumu alikuwa ameliacha bafuni. Angepita nalo vipi mbele ya mke wa mwanawe?

Jua lilipoanza kushuka Makandi aliingia bafuni kumwosha mtoto. Hakukusudia kuangalia, lakini dumu lilikuwa jeupe na bafu ni dogo. Mkojo haukufika hata mstari wa kwanza wa chini. Rangi yake ilikuwa ya strungi iliyochemka mpaka ikasahauliwa jikoni. Makandi alilifunika kwa taulo, akamwosha mtoto huku amelipa mgongo.

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni akiwasha stovu aliposikia mfereji wa bafuni. Ulifunguliwa kidogo sana, kama mtu anayenong'ona. Kisha ikafuata sauti ambayo kila aliyewahi kuchota maji anaijua, ya maji yakiingia katika chombo chenye mdomo mwembamba, yakianza kwa sauti nzito ndani na kupanda, kupanda, hadi juu.

Mutwiri alipolitoa dumu lilikuwa zito na angavu, na maji yake yalikuwa na rangi ya mbali tu ya njano, kama ahadi ya chai.

"Walisema mbili," mzee alimwambia kwa sauti ya chini iliyojaa fahari. "Mimi nimewapa mbili na nyongeza."

Makandi alisimama mlangoni mwa jikoni na kijiko mkononi. Alifungua mdomo. Halafu akakumbuka yeye ni nani katika nyumba hiyo, akakoroga uji.

 

Daktari Nelius alikuwa na umri wa kuwa mjukuu wa Mzee Kaburu, na kwa sababu hiyo mzee aliyajibu maswali yake yote akiiangalia kalenda ya ukutani. Mutwiri alikaa kando yake akiwa ameshika kofia ya babake.

"Mkojo umebeba vitu vingi, mzee," daktari alieleza. "Kuna vinavyojenga jiwe na kuna vinavyozuia. Kalsiamu ikikutana na kitu kinachoitwa oksaleti zinashikana, zinakuwa chembe ngumu. Umeona sukari ikizidi kwa chai, inavyokaa chini ya kikombe ikikataa kuyeyuka? Ni hivyo. Chembe moja inavuta nyingine mpaka jiwe. Sasa kuna kingine, sitreti. Hicho ni kama askari, kinaishika kalsiamu kabla oksaleti haijaifikia. Na maji yakiwa mengi, wanaotafutana hawaonani kwa urahisi."

"Na wangu?" mzee akaiuliza kalenda.

Daktari aliigeuza karatasi ya maabara, akaigeuza tena. "Wako ni mwingi. Ni mwepesi. Oksaleti iko chini, kalsiamu iko chini. Kwa karatasi hii, huu mkojo hauwezi kutengeneza hata changarawe."

Mutwiri alishusha pumzi. Mzee aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayesomewa matokeo mbele ya wazazi.

"Lakini picha inaonyesha chembe," daktari akaendelea. "Kati ya picha na karatasi kuna mmoja anadanganya." Alisubiri. "Halafu kuna kreatinini. Hiyo hutoka kwa misuli, na mwili huitoa karibu kiasi kilekile kila siku. Yako ni kidogo sana. Nikiona hivi huwa najiuliza kama kuna mkojo haukuingia kwa dumu. Ulimwaga wowote, mzee?"

"Hata tone."

"Una uhakika?"

"Hata tone."

"Basi labda ni misuli imeisha. Ni umri."

Mzee Kaburu, ambaye kabla ya kulazwa alikuwa akichimba nduma kwenye tope hadi magotini na kubeba gunia mwenyewe hadi barabarani, aliumeza uzee huo bila maji. Shingo yake ilisimama mishipa.

"Ningependa urudie kipimo," daktari akasema.

"Nirudie? Kwani nimeanguka mtihani?"

"Baba..." Mutwiri alianza.

"Karatasi imesema hakuna kitu. Tumelipa ituambie, imetuambia. Jumamosi naenda kwangu."

 

Jioni hiyo mzee alikuwa na furaha ambayo haikuwa imeonekana tangu afike Embu. Alimpigia mkewe simu, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imekwama kwenye sauti ya nje tangu inunuliwe, mtaa wote ulisikia.

"Mama Mutwiri! Mkojo wangu umepita!"

"Asifiwe Bwana!" simu ikajibu. "Na wamesema ule nini?"

"Vile nilikuwa nakula. Choma nduma za Jumamosi."

Nduma zilikuwepo hata hapo mezani, na sufuria ya terere, aina ya mchicha, iliyokaangwa, na strungi. Maziwa hayakuwepo. Mtu fulani katika soko la Nkubu alikuwa amemweleza mzee kwamba jiwe hujengwa kwa kalsiamu, na kwamba maziwa ni kalsiamu tupu, na tangu siku hiyo mzee alikuwa akikamua ng'ombe zake na kuwapa wengine hatari hiyo wainywe.

Makandi alimwita mumewe jikoni, akasukuma mlango.

"Lile dumu liliongezwa maji."

Mutwiri alisimama na kichupa cha chumvi mkononi. "Nani aliongeza?"

"Unafikiri ni mimi?"

"Wewe ulijuaje?"

"Nilisikia."

"Ulimsikia babangu akikojoa?"

"Nilisikia mfereji!" Makandi alinong'ona kwa ukali. "Na jioni yake nilikuwa nimeona. Ilikuwa kidogo, nyeusi. Asubuhi imejaa. Huo ni muujiza wa Kana?"

"Kwa hivyo unataka niende pale nimwambie babangu kwamba mke wangu humsikiliza chooni. Kisha anachungulia dumu lake."

"Nataka umwambie arudie. Usinitaje."

"Atauliza ni nani alisema. Nitasema ni malaika?"

"Mutwiri, ana figo moja."

"Najua ana ngapi! Nilikuwa pale wakimpasua." Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa muda alionekana kama mtoto aliyetumwa gizani. "Kama una uhakika hivyo, mwambie wewe. Si wewe ndiye shahidi?"

Akatoka na chumvi. Alijua amesema jambo lisilowezekana, na ndiyo sababu alilisema.

 

Jumamosi asubuhi Mutwiri alienda kumtafutia babake kiti cha mbele katika gari la Meru. Mzee alikaa kwenye kochi akiwa amevaa koti na kofia, mkoba miguuni, mtoto magotini. Makandi alikuwa kwenye cherehani. Hakuwa akishona.

Aliona mkono wa mzee ukiingia chini ya koti na kushika kiuno upande wa kulia. Ukakaa hapo. Aliona jasho likijitokeza juu ya nyusi, na asubuhi ya Embu ilikuwa na baridi.

"Mume wangu, unalia?" mtoto akauliza.

"Mume wako halii. Ni koti linabana."

Makandi alishika ukingo wa cherehani. "Mami," alimwita binti yake, kwa kuwa jina Gatakaa lilikuwa la mama mkwe na hakulitaja ovyo. "Mwambie mume wako asisafiri leo."

"Usisafiri leo," mtoto akafikisha.

"Mwambie mama yako nduma zangu zinanioza shambani."

"Zinaoza, mama."

"Mwambie zikioza zitapandwa zingine. Figo haipandwi."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. Mkono ulikuwa bado kiunoni. "Mwambie mama yako karatasi ilisema hakuna shida."

"Mwambie mume wako," Makandi akasema, "karatasi ilipima maji ya mfereji. Na ule mkojo wa kweli uko kwa migomba."

Mtoto aligeuka kwa babu yake kufikisha ujumbe. "Karatasi..." alianza. Ulikuwa mrefu sana kwake. Alimtazama mama, akamtazama babu, akatia kidole mdomoni. Tarishi alikuwa ameshindwa.

Hakukuwa na mwingine wa kutuma. Makandi aliinuka.

"Baba," alisema, na macho yake yalikuwa sakafuni. "Nililiona lile dumu kabla halijaongezwa. Lilikuwa chini ya mstari, na lilikuwa jeusi. Halafu nikasikia maji yakiingia. Ukienda Nkubu na karatasi ile utakula vile ulikuwa unakula, na hiyo figo itaziba, na utaletwa hapa ukiwa umebebwa. Ukitaka unikasirikie mpaka nife. Lakini unikasirikie ukiwa hai."

Mzee Kaburu alimweka mtoto chini taratibu.

"Umeangalia mkojo wangu."

"Ndiyo, Baba."

"Mke wa mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

Mzee alitoa simu. Akampigia mkewe.

"Mama Mutwiri, njoo unichukue. Huku nimevuliwa nguo mchana."

Sauti ya mkewe ikajaa sebuleni. "Nani amekuvua?"

"Huyu msichana wenu. Amepima dumu langu."

"Amepima akapata nini?"

Mzee aliirekebisha kofia.

"Nakuuliza. Amepata nini?"

"Maji."

"Nani aliyatia?"

"Walisema lita mbili!" mzee akalipuka. "Mimi nilikuwa na kitu cha kujaza kikombe! Ningepeleka hiyo aibu wapi?"

"Ulikuwa na kidogo kwa nini?"

"Kwa sababu sinywi! Nikinywa nitaenda choo, na choo chenyewe kimejengwa ndani ya sikio la mke wa mwanao. Mkojo mwingine niliupeleka nje. Nifanye nini? Nikojoe kama punda mbele ya watu?"

Makandi alikuwa amepiga magoti akitafuta sindano sakafuni. Sindano ilikuwa mkononi mwake.

Mzee akaiangalia simu kuona kama bado inahesabu dakika. Kisha mkewe akasema, kwa sauti ndogo, "Kaburu." Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. "Nilikaa na wewe ile hospitali ukilia kama ndama aliyefungiwa. Nilikuwa nashika miguu yako nikifikiri hii ndiyo siku. Mimi siji kukuchukua. Omba huyo msichana maji."

Ikakatika.

Mzee alikaa na simu mkononi. Maumivu yalimshika tena, akauma meno, yakampita. Kofia aliivua, akaiweka juu ya mkoba.

"Gatakaa," alisema mwishowe, akimtazama mtoto na si mwingine. "Mwambie mama yako lile dumu likikaa wazi kila mtu analiona."

Makandi aliinuka kutoka sakafuni. Alichukua mabaki ya kitambaa cha sketi za shule, akayakunjua, akayapima kwa macho, akakata. Mutwiri aliporudi kusema kiti cha mbele kimepatikana, alimkuta babake amevua koti, na mkewe akishona kwa kasi mfuko wa kijani wenye kamba ya kufunga mdomoni.

"Huo ni wa nini?"

"Ni wa dumu," Makandi akasema. "Nenda ukaombe lingine."

"Tena? Yule wa maabara atasema nini?"

"Atasema lita mbili," mzee akajibu kutoka kochini. "Wewe usimsikilize."

 

Mara ya pili Makandi alihamishia cherehani yake barazani, kwenye baridi, akashona huko kutwa nzima akiwa amejifunga leso mabegani. Mzee aliambiwa na daktari, kwa simu, anywe kama alivyozoea ili ukweli uonekane. Migomba haikutembelewa. Dumu lilipokuwa kwenye mfuko wake wa kijani lilifanana na kitu cha kupeleka kanisani, na mzee alilibeba mwenyewe kupita sebuleni, akasimama mlangoni mwa jikoni, akavuta pumzi, akaingia. Friji ilisikika ikifunguliwa na kufungwa. Alitoka amenyooka kama mtu aliyevuka mpaka.

Asubuhi dumu lilikuwa jepesi. Mzee aliliweka mbele ya daktari siku hiyohiyo na kuangalia kalenda.

"Ni kidogo," alisema.

"Huo ndio nilikuwa nautafuta," daktari akajibu.

Waliporudi kwa matokeo, karatasi na picha zilikuwa zimepatana. Oksaleti ilikuwa juu mno, sitreti karibu haipo, na mkojo mzito kiasi kwamba, daktari alisema, chembe hazikuwa na la kufanya ila kushikana.

"Nduma na terere zina oksaleti nyingi, na majani ya chai pia. Kula kidogo, terere uichemshe umwage maji yake. Na uziandamanishe na maziwa."

"Maziwa?" Mzee alisahau kalenda na kumtazama usoni. "Maziwa si ndiyo kalsiamu?"

"Ndiyo. Ukiyanywa na chakula, kalsiamu yake inaikamata oksaleti huko tumboni, zinatoka pamoja na choo kikubwa. Haifiki kwa figo. Ulipoacha maziwa, oksaleti ilipita bila kuzuiwa. Ndimu itakusaidia kuleta sitreti. Na maji, mzee. Mpaka mkojo uwe mweupe bila kuongezewa."

Mutwiri alikohoa. Mzee aliangalia kofia yake.

"Na hizo chembe zilizoko?"

"Ni ndogo. Zinaweza kutoka zenyewe. Siwezi kukuahidi. Ukisikia homa, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje hata saa moja."

 

Mzee Kaburu hakusafiri juma hilo. Makandi alikuwa amerudisha cherehani dirishani, kwa sababu wateja walitaka sketi na barazani uzi ulikuwa ukilowa umande. Kwenye stuli kando ya kochi aliweka jagi la maji lenye vipande vya ndimu. Mzee alilitazama jagi muda mrefu. Kisha akajimiminia bilauri, akanywa yote, akajimiminia nyingine.

Ilipofika wakati wake aliinuka. Kofia ilikuwa kwenye msumari, na njia ya kwenda migombani ilikuwa wazi. Alisimama katikati ya sebule. Makandi aliinamisha kichwa juu ya kitambaa, na mzee akapita nyuma ya kiti chake, akafungua mlango ule wa biskuti, akaufunga.

Papo hapo Makandi akaanza kukanyaga. Cherehani ilinguruma hadi kioo cha dirisha kikatikisika, kitambaa kikapita, sketi ikapata mshono pasipokuwa na haja ya mshono. Alikanyaga mpaka goti likamuuma.

"Gatakaa!" sauti ikaita kutoka ndani, juu ya ngurumo zote. "Mwambie mama yako apumzishe hiyo mashine. Atavunja sindano bure. Mume wako anakojoa tu."

Makandi alitoa mguu. Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama. Na katika kimya kilichofuata wote wawili, mama na mtoto, walisikia kwamba mkojo ulikuwa mwingi.